Jumamosi njooni na viti

Wapendwa, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Jumamosi saa 12:30 asubuhi tupo kwenye yoga palepale Capri Point, Mwanza, jua halijaanza kuchoma. Safari hii mwenye uwezo aje na kiti cha plastiki na khanga mbili.

Niwaeleze sababu. Nilipoanza kufundisha yoga nilitaka kila mtu ainame mpaka vidole viguse chini. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alikuja mara mbili akaacha. Nilipomfuata sokoni akaniambia, "Mwanangu, pale ni pa vijana. Magoti yangu hayawezi." Usiku ule sikupata usingizi.

Nikarudi kusoma. B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918 na kuugua sana utotoni, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao kwenye yoga. Nimejaribu mwenyewe: khanga iliyokunjwa vizuri chini ya goti inaondoa maumivu, na ukishika kiti husimami kwa hofu ya kuanguka.

Kuna jambo jingine nimebadilisha, na nalijali sana: simgusi mtu kumrekebisha bila kumwomba ruhusa. Asiyeona nitamwelekeza kwa maneno, hatua kwa hatua. Mwenye presha au ujauzito aniandikie pembeni mapema, maana yapo mapozi tutayaacha.

Yule mama amekubali kurudi. Naomba mumwachie nafasi ya pale karibu na jiwe kubwa, kuna kivuli.