Jaketi la Kuokoa Maisha kwa Mvuvi wa Kayaki: Likague Ukiwa Umeketi

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu hapa Kisumu kutafuta jaketi la kuokoa maisha huuliza mambo mawili: bei gani, na linabeba kilo ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini anayevua kwa kayaki, ule mtumbwi mdogo mwembamba wa kupiga kasia, ana swali la kutangulia hayo: nikiketi, jaketi litakaa wapi? Jaketi linalokusumbua utaondoka nalo ufuo wa Dunga ukiwa umelivaa, na kufikia saa nne, jua likishaanza kuchoma, utalivua uliweke nyuma ya kiti. Siku kayaki itakapopinduka, upepo utalisukuma jaketi haraka kuliko unavyoogelea. Hata ukilifikia, kulivaa ukiwa tayari majini ni kazi ngumu mno.

Abiria wa boti huketi kwenye ubao, mgongo wake hauegemei kitu. Ndiyo maana lile jaketi la kawaida la rangi ya chungwa, lenye vipande vinene mbele na nyuma, halimsumbui sana. Kwenye kayaki miguu imenyooshwa mbele na kiti kina mgongo. Sponji ya nyuma inagongana na mgongo huo wa kiti, na jaketi zima linapanda: mabega yanafika masikioni, ukosi unasukuma kidevu, na kila ukitaka kurusha ndoano inabidi kwanza ulivute chini kwa mkono.

Tafuta lile ambalo sponji yake ya nyuma inaanzia juu, usawa wa mabega, na chini yake ni wavu mtupu. Wavu unalala kati yako na kiti bila kusukuma chochote, na hewa inapita. Kwa joto letu la Kisumu, hilo la hewa si dogo. Viti navyo havifanani, kuna vifupi vya kitambaa na kuna vya fremu vyenye mgongo mrefu, kwa hiyo jaketi lililomfaa jirani yako huenda lisikufae wewe.

Matundu ya mikono yawe mapana. Kupiga kasia ni mwendo uleule unaorudiwa asubuhi nzima, na ukingo mgumu ukigusa kwapa utakuchubua kabla hujaonja samaki. Mbele, sponji iliyokatwa vipande vipande hujikunja na mwili vizuri kuliko pande moja nene. Kwa akina mama tofauti hiyo ni kubwa zaidi, na yapo majaketi yaliyoshonwa kufuata kifua cha mwanamke.

Dukani tunaweka kayaki sakafuni kwa kazi hii. Legeza mikanda yote, vaa, funga zipu, kisha kaza kuanzia mkanda wa kiunoni ukipanda, wa mabega uwe wa mwisho. Keti. Piga kasia hewani, inama kando kama anayemfikia samaki, geuka nyuma. Halafu mwenzako ashike mabega ya jaketi alivute juu kwa nguvu. Likifika puani, ni kubwa kwako, lirudishe. Saizi ya mtu mzima hufuata mzunguko wa kifua. Ya mtoto hufuata uzito, na mtoto hatumuuzii lisilo na mkanda wa kupita kati ya miguu.

Sasa zile kilo. Ndani ya jaketi huandikwa nyutoni 50, 100 au zaidi, na nyutoni 10 ni takriban kilo moja ya nguvu ya kuelea. Watu wazima wengi huhitaji nyongeza ya kilo tatu hadi tano na ushee tu ili kichwa kibaki juu, kwa sababu mwili wenyewe karibu unaelea. Majaketi mengi ya kayaki ni ya nyutoni 50 hadi 70. Yanamtosha anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, lakini hayakuundwa kumgeuza mtu aliyezimia ili uso utazame juu. Ya nyutoni 100 na kuendelea yameundwa kwa ajili hiyo, ila ni manene. Kama huogelei, au unaenda peke yako mbali na ufuo, tutakushauri uchukue hilo nene hata kama si laini. Hapo starehe inakaa nyuma.

Yale membamba ya kujaa gesi yanapendwa sana, na hatuyapendekezi kwa uvuvi wa kayaki. Yanayojifungua yenyewe yakilowa yanaweza kufyatuka kwa maji ya kasia. Ya kuvuta kamba hayamfai aliyegonga kichwa. Na ndoano ya mbuta (sangara) ikitoboa mfuko wa gesi, umekwisha. Ikichoma sponji, sponji inaelea vilevile.

Usivutiwe na mifuko mingi. Ukianguka unarudi kayakini kwa kujiburuta kifudifudi, na koleo na visanduku vya ndoano vilivyojazana kifuani vitakuzuia. Filimbi na kisu kidogo cha kukata mshipi wa kuvulia vinatosha hapo mbele. Rangi iwe chungwa au njano. Aliyevaa kijani katikati ya magugu maji ni vigumu kumwona kutoka kwenye boti.

Likilowa, litundike kivulini. Usilianike juu ya bati wala karibu na moto, na usilikalie, kwa maana sponji iliyobanwa sana hupoteza nguvu yake.

Ukija kujaribu, vaa shati lile unalovaa ziwani, na kama kiti cha kayaki yako kinatoka, kibebe. Wateja wa Naivasha wanaovaa sweta nzito asubuhi waje nayo pia, maana saizi hubadilika.