Tovuti za huduma zijengwe kwa kuifikiria simu ya mwananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya kutengeneza tovuti hapa Dodoma, nalo ni kwamba mara nyingi mtandao unasingiziwa makosa ambayo ni yetu sisi watengenezaji.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye steshenari moja pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, nikisubiri kutoa nakala, na kando yangu mama mmoja na binti yake walikuwa wakijaza maombi ya chuo kwa simu yao. Ukurasa ulibaki mweupe, kiduara kikazunguka hadi mama akauliza kama bando limekwisha. Fomu ilipofunguka na binti akamaliza kuijaza, picha kubwa ya jengo ikatokea kwa kuchelewa juu ya ukurasa, ikasukuma kila kitu chini, na kitufe cha “Futa” kikashukia pale pale ambapo kidole chake kilikuwa kinabonyeza “Tuma”. Kazi yote ikapotea. “Turudi usiku mwanangu, labda mtandao utakuwa umetulia,” mama alisema.

Usiku usingewasaidia. Nilipoukagua ukurasa ule kwenye kompyuta yangu, nilikuta seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inatuma HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) yenye boksi tupu pamoja na rundo la mafaili ya JavaScript (programu zinazoendeshwa ndani ya simu ya mtumiaji), na simu ndiyo inayoachiwa kazi ya kuyapakua, kuyachambua na kuyaendesha, kisha irudi tena kwenye seva kuomba taarifa, ndipo ianze kuchora fomu. Kompyuta ya ofisini hailemewi na mzigo huo, lakini simu ya bei nafuu hulemewa, na hata minara ya 4G ikijengwa kila kijiji, prosesa ya simu ile itabaki ile ile.

Fomu haihitaji yote hayo. Tangu toleo la HTML 2.0 la mwaka 1995, fomu inaweza kutuma majibu yake kwenye seva bila JavaScript yoyote. Seva ikiuandaa ukurasa kamili, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, huanza kuonyesha maandishi kadiri yanavyowasili, bila kungoja faili lote liishe, na JavaScript kidogo inaweza kufuata baadaye kwa kazi ndogo kama kukagua namba ya simu. Hapa niwaonye wenzangu: tukituma ukurasa ulio tayari, kisha tukaufuatishia rundo lile lile ili kuviamsha vitufe, tutakuwa tumempa mtu kitufe anachokiona lakini hakiitiki, na kwangu mimi hilo ni baya kuliko ukurasa mweupe, kwa sababu atabonyeza mara tano akidhani amekosea yeye. Sikatai kwamba mfumo wa uhasibu unaofunguliwa asubuhi na kutumiwa kutwa nzima unaweza kufaa kuchorwa upande wa mtumiaji, yaani na kifaa chake badala ya seva. Fomu ya maombi haimo katika kundi hilo.

Kuhusu ile picha, kama upana na urefu wake vingeandikwa ndani ya HTML, kivinjari kingeitengea nafasi mapema na hakuna kitufe ambacho kingehama.

Vipimo vya kutuongoza vipo tayari. Google inapendekeza kwamba picha au fungu la maandishi lililo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa lionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Naziomba taasisi zinazotangaza zabuni za tovuti ziviweke vipimo hivyo ndani ya mkataba, na siku ya kukabidhiwa kazi zisiridhike na maonyesho ya projekta ukumbini, bali zimtume mtu mwenye simu ya kawaida na bando la kawaida aende Kibaigwa, Bahi au Mpwapwa, aijaze fomu hadi mwisho, kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Mtengenezaji wa tovuti,
Dodoma