Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: bafu nimeliezeka, bahari je?

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga,

Assalaam alaykum. Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kutoka pwani ya kusini mashariki ya Unguja, baina ya Paje na Makunduchi. Nimeambiwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Mchanga wetu, mwani wetu, lakini kinachoruka juu ya vichwa vyetu, hata droni, ni cha Muungano. Ndiyo maana barua hii imevuka bahari.

Alkhamisi iliyopita, saa kumi na moja jioni, binti yangu alikuwa anaoga. Mabafu yetu ya uani hayana paa, Mheshimiwa: kuta nne za mawe, pipa la maji, na mbingu. Hivyo ndivyo walivyooga bibi zetu, wala hakuna aliyewachungulia ila kunguru. Nikasikia mvumo, nikatazama juu. Kidude cheupe kimesimama juu ya ua wangu, kimetulia tuli, jicho lake linatazama chini. Binti akapiga ukelele. Nikakirushia ndara. Ndara ilirudi, kidude kikaondoka kilipotaka chenyewe.

Nilikwenda hoteli ya jirani. Mlinzi, kwa adabu zote, akanambia huenda ni mgeni anapiga picha za machweo. Machweo! Sisi tupo mashariki, Mheshimiwa. Jua kwetu linatoka baharini, linazama nyuma ya minazi. Labda mgeni alidhani linazama bafuni kwangu.

Sheha, kiongozi wetu wa hapa kijijini, akanipeleka kituo cha polisi. Kituoni wakataka namba ya usajili. Namba ya kitu kilicho juu kuliko mnazi, na mimi bila miwani sisomi hata mita ya umeme! Nikauliza kama wao wanayo orodha ya waliopewa vibali. Nikaambiwa niende mjini. Nikaenda. Ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapokupwa sana, maji yamekauka vizuri, wenzangu wanavuna mwani na wangu unachukuliwa na mawimbi. Mjini nikaambiwa nirudi kwa sheha.

Nakukumbusha, ikiwa imesahauliwa, kwamba kanuni zipo tangu 2018. Mwenye kurusha hizi droni, ndege nyuki kama mnavyoziita, anatakiwa apate kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi nayo iridhie. Na Katiba ya Muungano, Ibara ya 16, inasema mtu ahifadhiwe nafsi yake na unyumba wake. Vizuri sana. Ila nyuki wa kweli ana mzinga, na mzinga una mwenyewe. Hawa wenu wanatoka wapi?

Mwaka jana kiongozi mmoja alikuja kwenye mkutano hapa kijijini. Tulimpikia pweza wa nazi. Akaahidi mbele ya watu wote kwamba patakuwa na namba ya simu, ukiona droni unapiga, wanakuja. Pweza aliliwa akaisha. Namba bado.

Usidhani sisi ni washamba tunaoogopa vyuma. Mwaka 2016, visiwa vilipopigwa picha na droni kutoka juu ili vichorwe ramani, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwemo, na sisi hapa tulipata habari mapema. Watoto walikimbia kuzifuata na hakuna aliyenuna. Mwaka 2019 kule Cheju, Unguja hii hii, zilirushwa mashambani kwenye mpunga kupambana na viluwiluwi vya mbu. Nani atalikataa hilo?

Lakini sasa zinakuja hata usiku. Taa nyekundu na kijani juu ya maji, zinakwenda, zinasimama, zinazimika. Wapo wasemao wanapima ardhi yetu wamuuzie mwekezaji. Wapo wasemao ni mambo ya siasa. Jirani yangu anasema ni jini, na mimi nilimcheka, lakini usiku ule nililala na taa inawaka. Mimi nadhani ni pesa tu: mtu anataka video ya kuvutia wageni. Lakini nadhani tu, kwa sababu hakuna aliyetueleza.

Na video zenyewe zipo. Mpwa wangu alinionesha moja kwenye simu. Sisi hao, tumeinama baina ya vigingi vya mwani, kanga zimelowa zimetushika mwilini, na muziki juu yake. Nimelima mwani tangu ni msichana na sijawahi kuonekana hivyo na mume wa mtu. Nani aliniuliza?

Naomba namba, Mheshimiwa. Namba kubwa chini ya tumbo la kila droni, isomeke. Na namba ya simu, ya mtu anayepokea. Kama zote mbili ni nzito, nipe hiyo ya simu. Moja tu.

Bafu langu nimeliezeka kwa mabati mawili, pesa za mwani zilizokuwa za sare za skuli. Limekuwa giza na joto, lakini binti anaoga. Jumatatu bamvua inaanza, tutatoka tena na kamba zetu. Bahari nitaiezeka kwa nini?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mwani, Kusini Unguja