Fatma, hiyo U iangalie

Tanga, 2 Septemba 2021

Mwanangu Fatma,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila mguu wa mama yako umeanza tena. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akurushie WhatsApp.

Jana umeniambia majibu ya korona yatatoka siku moja kabla ya ndege ya kwenda Uingereza, nisiwe na wasiwasi. Nilichokuuliza hukunijibu: jina wataandikaje? Pasipoti inasema FATMA. Kadi ya chanjo uliyonionyesha inasema FATUMA. Kadi yetu Waingereza hawaitambui hata ingekuwa sahihi, tuiache. Lakini bila cheti cha kipimo hupandi ndege, na jina la kwenye cheti wanalitaka lile lile la kwenye pasipoti. Ukienda kutoa sampuli (isizidi siku 3 kabla ya safari, hilo unalijua) usitaje jina kwa mdomo. Ukitaja, karani atasikia Fatuma. Mpe pasipoti, simama hapo hapo, akusomee herufi moja moja.

Siku ya kuandikisha cheti chako cha kuzaliwa niliulizwa, kwa U au bila U? Nikajibu vyovyote, basi la Muheza lilikuwa linaondoka. Shuleni nako wakaandika wanavyojua wao. Ndiyo hivyo.

Fomu ya abiria inajazwa ndani ya saa 48 kabla ya kufika. Usiifanye kama fomu za chuo, saa tano usiku na umeme umekatika. Wakiuliza siku 10 zilizopita ulikuwa wapi, andika Tanzania, hata kama ndiyo inayokupeleka karantini. Asikudanganye mtu kwamba kwa vile unapitia Doha uandike Doha tu. Kudanganya pale kifungo kinafika miaka 10, na mimi huko sina wa kumpigia.

Hoteli ya karantini lazima uwe umeshailipia, namba yake inaingia kwenye fomu hiyo hiyo. Pauni 2,285 kwa siku 10 kamili, na siku ya kufika haihesabiwi. Zaidi ya milioni 7 zetu, ukae umefungiwa chumbani, chakula unawekewa mlangoni! Usiniulize tena zimetoka wapi. Kile kiwanja cha Pongwe kilikuwa kinaota magugu tu. Kaka yako hajajua, nitamwambia mwenyewe baada ya Ijumaa, wewe nyamaza.

Ulitaka kuchanja mapema Agosti nikakwambia ngoja kwanza tuone. Lile sufuria la kujifukizia bado liko uani, mwarobaini umekaukia ndani na mama yako amekataa kulipikia tena. Mimi nimechanja Jumanne. Mkono uliuma siku moja.

Mzee mmoja pale msikitini ameniuliza mara tatu unakwenda kusoma nini, na mara zote nimejibu kwa sauti kubwa kuliko aliyoulizia: uhandisi wa maji. Sasa mhandisi mzima asikwamishwe uwanjani na herufi moja. Umekuwa mzembe wa karatasi tangu zamani, sijui umerithi kwa nani, mama yako anasema anajua.

Friji limekufa. Fundi anasema ni gesi, mimi nadhani anatafuta hela ya sikukuu. Usitume kitu, hizo zako ni za blanketi. Tena umeondoka na funguo za kabati la mama yako, mwachie shangazi azitume kwa basi, tumeshindwa hata kutoa shuka za wageni.

Ukishapewa cheti, kabla hujatoka getini, kipige picha unitumie. Nitakuwa nimevaa miwani. Wakiwa wameweka U, rudi ndani.

Baba yako