Psyche imetosha, tuandikieni Hygiea

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu asteroidi Psyche, moja ya mawe makubwa yanayolizunguka jua, ilisomeka kama tangazo la mnada: dhahabu, nikeli, na bei yenye sifuri ambazo hata kikokotoo cha simu hakizimudu. Bei hiyo ni ya kukisia tu. Hakuna aliyewahi kuligusa jiwe hilo, na chombo cha NASA kilichorushwa Oktoba 2023 hakitarajiwi kufika kabla ya 2029.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba asteroidi nyingine, Hygiea, haikutajwa hata kwa mstari mmoja, ilhali upana wake ni karibu mara mbili ya Psyche. Ni ya nne kwa ukubwa katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, kilomita 430 hivi, karibu sawa na safari ya ndege kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hata hivyo ilikuwa ya kumi kugunduliwa, Aprili 1849, alipoiona Annibale de Gasparis kule Napoli. Weusi ndio ulioificha. Uso wake una kaboni nyingi, na hurudisha takriban asilimia 7 tu ya mwanga wa jua. Asteroidi Flora, iliyo theluthi tu ya upana wake, ilionekana mapema, 1847, kwa kuwa inang'aa na iko karibu nasi zaidi.

Mwaka 2019 darubini kubwa ya VLT iliyoko Chile iliipiga Hygiea picha. Kwa kuwa ina ukoo wa vipande karibu 7,000 vilivyotokana na mgongano, wanasayansi walitegemea kuona shimo kubwa la mgongano. Hawakuliona. Waliona tufe. Hesabu zao za kompyuta zinaonyesha kwamba miaka bilioni 2 hivi iliyopita iligongwa ikasambaratika yote, kisha vipande vikavutana na kujiunda upya. Habari kama hiyo inakosaje nafasi gazetini?

Tena, mawe meusi ndiyo yanayobeba maji yaliyofungamana na madini. Asteroidi Bennu, iliyo jamii hiyohiyo ya kaboni, ina upana wa nusu kilomita tu. Vumbi lake lililoletwa duniani Septemba 2023 limekutwa na asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za miili yetu. Mimi hapo ndipo ningeanzia, si kwenye dhahabu.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, awaulize wahusika ni lini Hygiea itapelekewa chombo. Mpaka leo hakijaenda hata kimoja.

Msomaji wenu,
Tanga