Barua kwa shoga angu: habari za Pia Wurtzbach

Shoga angu,

Za huko Tanga? Sie huku Muscat tunaendelea, joto limeanza kupungua na saivi mtu unaweza hata kukaa nje jioni. Mama mpe shikamoo zangu, mwambie ule udi nimeupata, ntampa mtu anayekuja.

Voisi yako nimeisikiliza yote. Unasema umiss bas, umeachana nao, una miaka 25, umeenda mara mbili umerudi bila taji, na mtaani wanakwambia muda umekwenda uolewe tu. Nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu ungenikatisha. Nataka nikupe habari za Pia Wurtzbach yule Mfilipino, na usiniambie unamjua, unamjua kwa ule usiku wa Las Vegas walipokosea kumtangaza Miss Universe kama watu wote, na mimi nilikua namjua hivohivo mpaka nilipoanza kukaa na hawa dada wa Kifilipino hapa saluni. Umiss kwao ni kama Simba na Yanga kwetu. Kuna mmoja akiwa anamkausha mteja nywele anakutajia warembo wao wa Miss Universe mwaka kwa mwaka bila kusimama: 2010 Venus Raj wa tano, 2011 Shamcey Supsup wa nne, 2012 Janine Tugonon wa pili, 2013 Ariella Arida wa nne, 2014 MJ Lastimosa kumi bora, alafu hapo anazima drayer kabisa ndo anasema Pia.

Sasa huyo Pia hakuanzia jukwaani. Kazaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1989, baba Mjerumani mama Mfilipino, wakarudi Ufilipino akakulia Cagayan de Oro, wazazi wakaachana, na yeye bado mtoto ndo akawa anategemewa nyumbani, hela ya matangazo na uigizaji ndo inalisha familia. Matangazo alianza ana miaka minne. Akiwa kigori akaingia ABS-CBN, ile televisheni yao kubwa, akawa anaigiza kwa jina la Pia Romero, ila hakuwahi kua staa mkubwa, sura watu wanaijua jina hawalikumbuki. Kasomea upishi. Kafanya kazi ya kupaka watu mekapu, kaandika makala za urembo kwenye gazeti la Inquirer. Mimi hapa ndo ninapompendea, maana watu wanadhani mrembo anaokotwa tu barabarani mrefu mwembamba anavishwa taji, kumbe huyu alipofika jukwaani alishajua kamera, alishajua kupaka uso wake mwenyewe, alishajua kuongea na watu, na vyote hivo alivipata kwenye kutafuta hela ya kula.

Haya sikiliza hapa vizuri. Mwaka 2013 kaingia Binibining Pilipinas, ndo ilikua njia ya kwenda Miss Universe enzi hizo, akawa mshindi wa pili. Mshindi wa pili kule maana yake huendi popote, dunia haikuoni, na kwenye kundi lao mwaka ule Bea Rose Santiago alienda kuchukua Miss International na Mutya Datul akachukua Miss Supranational, yaani aliobanana nao jukwaa moja walikua wa kiwango hicho. Mwaka 2014 akarudi. Safari hii akashuka, akaishia 15 bora. Hebu fikiria hiyo, mtu ulikua wa pili alafu mwaka unaofuata hupati hata nafasi ya pembeni, na taifa zima linaangalia, wanakuchambua mitandaoni kuanzia nywele mpaka kisigino. Wewe umechekwa na mtaa mmoja shoga angu, yeye alichekwa na nchi.

Mwaka 2015 akarudi tena mara ya tatu, ana miaka 25 hiyohiyo unayoiita uzee. Mwezi wa tatu pale Araneta, Quezon City, akavishwa taji la Miss Universe Philippines.

Kitu ambacho sie kwetu hatuna na naona ndo tofauti yenyewe, wale wana kambi za mafunzo za mwaka mzima. Pia alikua chini ya Aces & Queens ya Jonas Gaffud. Unafundishwa kutembea, kusimama, kuvaa, na hasa kujibu maswali, wanakuuliza siasa wanakuuliza dini wanakukatisha katikati ya sentensi mpaka uzoee. Huku kwetu mrembo anaingia kambini wiki chache kabla ya shoo, nusu ya muda ni kutembelea wadhamini, alafu siku ya swali jukwaani anaganda, watu wanasema hana akili. Ana akili, hajafundishwa tu! Hii inaniuma kweli kweli maana vipaji tunavyo. Flaviana Matata alienda Miss Universe 2007 kule Mexico na kipara chake akaingia kumi bora, Nancy Sumari alikua Miss World Afrika 2005, sasa fikiria hao wangekua na kambi kama zile.

Ule usiku wenyewe, tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2015, warembo 80, mshereheshaji Steve Harvey akamtaja Ariadna Gutiérrez wa Colombia, kavishwa taji, kapewa maua, anapunga mkono, muziki unapiga, alafu Harvey anarudi na kile kikadi anasema amekosea, mshindi ni Ufilipino. Dada wa saluni wana hiyo video kwenye simu na nimeiangalia nao mara nyingi. Usimwangalie Harvey, mwangalie Pia na lile gauni lake la bluu la mbunifu Albert Andrada. Haruki, hapigi kelele. Anaangalia huku na huku kama anauliza ni kweli?, anasogea mbele taratibu, anasimama pembeni ya mwenzake, na Paulina Vega aliyekua anamaliza muda wake, naye wa Colombia, ndo inabidi aitoe taji kichwani kwa dada wa nchi yake amvishe yeye. Kushinda namna ile ni kuzito. Watu wengi mpaka leo wanasema kapata kwa bahati, na hapo nawakatalia kabisa, kura zilishapigwa na zilishahesabiwa kabla mtu hajafungua mdomo, kilichokosewa ni kutangaza tu. Kashinda alivyoshinda, miaka 42 baada ya Margie Moran wa 1973, na kabla yake alikua Gloria Diaz 1969, kwaiyo yeye ni wa tatu kwao.

Ila sio kila kitu chake nakisifia. Usiku uleule jukwaani walimuuliza kuhusu Marekani kurudisha wanajeshi wake Ufilipino, akajibu kwamba nchi hizo zina uhusiano mzuri na yeye haoni tatizo, na wanaharakati kwao walimjia juu. Mimi pia lile jibu halikunikaa, nchi iliyotawalwa na Wamarekani haohao inahitaji jibu lenye uzito kidogo. Lakini alilijibu bila kutetemeka, mbele ya dunia, kwa sekunde chache, na hilo ndo la mafunzo.

Alafu taji lenyewe ni mwaka mmoja na kidogo tu! Mwezi wa kwanza 2017 mashindano yakafanyika kwao Manila, akamvisha Iris Mittenaere wa Ufaransa, bas, wengi hapo ndo wanapotea. Yeye akaendelea. Wakati ana taji alishapima VVU mbele ya kamera ili vijana waone kupima sio aibu, maana kwao maambukizi yalikua yanapanda kwa vijana wakati sehemu nyingi yanashuka, na 2017 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi, wakamfanya balozi wao wa Asia na Pasifiki. Wewe ambae mama yako kafanya kazi ya ushauri nasaha kituo cha afya unajua hiyo kazi ina uzito gani. Akarudi kwenye filamu, safari hii kama staa. 2019 wakamtengenezea sanamu ya nta kwenye makumbusho ya Madame Tussauds Hong Kong. 2023 kaandika riwaya kuhusu dunia ya umiss, kaolewa Ushelisheli na Jeremy Jauncey, na saivi unamkuta kwenye wiki za mitindo Paris na Milan. Yote hayo yametoka kwenye taji la usiku mmoja alilolifuata miaka mitatu.

Catriona Gray, Mfilipino mwenzake, naye vilevile, Miss World 2016 aliishia tano bora, akarudi nyumbani akaanza upya, 2018 kachukua Miss Universe Bangkok. Na habari ya umri mwaka ule Pia anashinda ilikua lazima uwe chini ya miaka 28, lakini kuanzia 2024 wameutoa kabisa ukomo wa juu, na mwenye mtoto au aliyeolewa anaruhusiwa, kwaiyo hao wa mtaani hawajui hata sheria zenyewe.

Sasa nikwambie nataka nini. Kabla hujaamua lolote tafuta mtu wa kukufundisha kujibu maswali, kutembea unatembea vizuri sana, mimi nimekuona, ni pale kwenye maiki ndo unashikwa na woga. Kuna mwalimu wa midahalo pale shuleni kwa mdogo wako, muombe jioni mbili kwa wiki, akuulize maswali magumu na akukatishe. Mimi hapa ntakua nakuuliza kwa simu kila ijumaa nikiwa off. Fomu zikitoka niambie siku hiyohiyo, hela ya fundi wa gauni ntatuma mimi, na kitambaa wahi kusema unataka rangi gani maana huku maduka ya vitambaa yapo mengi na kuna binamu yangu anarudi mwezi ujao, anaweza kukubebea.

Nijibu haraka na usitume voisi, andika.

Shoga yako wa Muscat