Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mifuko ya wagonjwa wa fistula ya utumbo

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Fistula ya uzazi ilipigiwa kelele hadi Umoja wa Mataifa ukaitengea siku yake, 23 Mei, na ilistahili. Leo naomba uitazame fistula ya utumbo, yaani tundu linalovujisha yaliyomo utumboni hadi nje ya tumbo. Mgonjwa amefunguliwa tumbo, mara nyingi kwa dharura: utumbo umetobolewa na homa ya matumbo, au umejisokota, naye kachelewa kufika. Siku chache baadaye mshono wa utumbo unaachia, na majimaji ya kijani au kinyesi vinatokea kwenye kidonda.

Majimaji ya utumbo mwembamba huunguza ngozi. Gozi tunayoweka asubuhi inalowa kabla hatujamaliza raundi. Anachohitaji mgonjwa ni mfuko wa kolostomi, ule unaobandikwa tumboni kukusanya kinyesi, uliokatwa tundu sawasawa na kidonda, na krimu ya zinki pembeni. Mfuko huo ndio kipimo chetu pia. Majimaji yakizidi mililita 500 kwa saa 24, anapoteza maji, sodiamu na potasiamu kwa wingi, na bila kipimo daktari anakisia tu dripu ya kumwekea.

Ndugu hutuuliza, "Sista, mbona hamumrudishi thieta?" Swali la haki. Lakini kwanza usaha utolewe tumboni, maana maambukizi ndiyo yanayoua upesi, kisha mgonjwa alishwe. Fistula nyingi zinazotoa kidogo hujifunga zenyewe ndani ya wiki kadhaa, kama hakuna saratani, usaha au kizuizi mbele yake kwenye utumbo. Isiyojifunga husubiri miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi. Tumbo la wiki ya tatu limegandamana. Ukiligusa unaweza kutoboa tundu jingine.

Kusubiri huko ndiko kunakowamaliza, Mheshimiwa. Lishe ya mishipani ni ghali mno, na bado wapo wanaokatazwa kula kwa mazoea tu, hata pale fistula iliyo sehemu ya chini ya utumbo ingewaruhusu mayai, dagaa na uji wa lishe. Wanakonda mbele ya macho yetu. Mfuko nao familia inaambiwa ikautafute mjini, na ukikosekana, glavu hubandikwa kwa plasta. Nimemwona mama akikataa kutembelewa na wanawe kwa sababu ya harufu. Hilo linaniuma kuliko kidonda chenyewe.

Naomba Bohari ya Dawa ihakikishe mifuko hii na krimu ya zinki hazikosekani katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Naomba vilevile kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, chini ya sheria ya 2023, kigharamie mifuko na chakula cha mgonjwa huyu hadi siku fistula yake itakapofungwa, hata akiwa nyumbani, na kila wodi ya upasuaji iwe na afisa lishe anayepita kila siku.

Kama yote hayawezekani mwaka huu, anza na mifuko. Wauguzi tupo, na namna ya kuibandika tutafundishana wodini.

Muuguzi, wodi ya upasuaji